Mafuta ya Taa na Chaki

Mukuna alipokuja kwangu mtaa wa Kapata kuniomba nimsaidie kununua bunduki, alijikalia kwenye kiti changu bila kukaribishwa. Mtu mwingine aliyekuharibia maisha, akiingia nyumbani kwako, angalau huvua kofia na kutazama chini. Huyu aliivua kofia ili ajipepee, kisha akauliza kama kuna maji ya kunywa.

"Vieux Lukusa," akasema, yaani mzee Lukusa, "mambo ya zamani tuache. Sisi bote tumezeeka."

Nilikuwa nimebana pampu ya mtu kwenye jiliwa, nikaendelea kuisugua kwa tupa. Alidhani nimetulia, kumbe najizuia nisimrushie ile tupa usoni.

Akanieleza shida yake. Mwezi uliofuata, ukoo wa mchumba wa Glodie ungekuja kutoa mahari, na yeye Mukuna ndiye aliyechaguliwa kukaa mahali pa baba. Yeye ndiye angepokea mbuzi wa baba, yule ambaye kwetu sisi Waluba wa Kasai hapokelewi na mtu yeyote tu: humpokea baba mzazi, na kama baba amekufa, humpokea ndugu yake wa damu. Mukuna alitaka siku hiyo wageni wale nyama ya porini aliyoiwinda kwa mkono wake, huko kwenye mbuga za juu ya mto Lualaba. Kibali cha bunduki alikuwa nacho tayari. Bunduki yenyewe ilikuwa Tenke, kwa mjane wa mfanyakazi wa reli. Ilikuwa ya zamani, ya kuvuta bolti kwa mkono, na ilihitaji fundi.

"Mi bunduki siyue," akasema. "Na hapa Kolwezi yote, mukono sawa ya kwako haiko. Hiyo nitasema mbele ya batu bote."

Glodie ni binti wa mdogo wangu Kanku. Ndugu wa damu wa Kanku ni mimi, tena ni mimi peke yangu.

Mwaka elfu mbili, mimi, Mukuna na Kanku tulikuwa wafanyakazi wa kampuni moja ya madini. Mimi na Mukuna tulikuwa mafundi chuma, meza zetu zikitazamana ndani ya karakana. Kanku alikuwa upande wa winchi. Kila fundi alikuwa na poinçon yake, yaani kipande cha chuma kigumu chenye namba. Ukimaliza kazi unaipima, kisha unagonga namba yako juu yake kwa nyundo, ili ijulikane ni nani wa kuulizwa. Namba yangu ilikuwa 4417. Kwa vyuma vya kunyanyulia mizigo kulikuwa na sheria moja zaidi. Unakipaka chuma mafuta ya taa, unakifuta mpaka kikauke kabisa, halafu unakipaka chaki. Kama kuna ufa, hata ule ambao jicho halioni, mafuta yaliyojificha ndani yake hutoka polepole na kuchora mstari kwenye chaki. Inachukua nusu saa. Kazi hiyo haina ugumu wowote, inataka subira tu.

Siku moja pini ya ndoano ya winchi ilikatika, na mota ya pampu ikamwangukia Kanku. Hakufika hospitalini. Walipookota vipande vya ile pini, wakaona ufa wa siku nyingi uliokwisha kushika kutu, na kando ya ufa imegongwa 4417.

Sikuitengeneza mimi. Aliitengeneza Mukuna, akaruka chaki, akagonga namba yangu. Nilisema hivyo mbele ya wakubwa: nikasema ameiba poinçon yangu kwenye droo. Nikasema tena kwenye kilio, nikasema mpaka sauti ikanikauka. Mukuna alijibu kwamba hajui lolote. Basi, namba ilikuwa yangu. Kampuni ilinifukuza kazi, na Kapinga, mke wa Kanku, akiwa na mimba ya Glodie, alinifukuza kwenye matanga ya mdogo wangu. Anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu, kwenye mstari ule ule wa nyumba za kampuni, na kwa miaka ishirini na minne hajagusa chakula kilichopikwa kwangu. Nikipita njiani anageuza uso.

Na Mukuna? Mukuna alimpelekea unga. Alimpeleka Glodie shule, alilia naye kanisani, alikuwa mtu wa kwanza kufika kila penye homa. Leo ana bohari ya kununulia madini karibu na mgodi wa Mutoshi na gari la kubebea mizigo, na vijana wachimbaji wanamwita tata, yaani baba. Nilimchukia. Nilikuwa nikiamka asubuhi, kabla sijakumbuka jina la siku, nakumbuka kwanza kwamba ninamchukia.

Kwa hiyo nilipokubali kwenda naye Tenke, asidhani mtu kwamba nilikuwa nimesamehe. Nilitaka kuwa karibu naye nimtazame vizuri.

Njia nzima aliimba nyimbo za kanisa huku akiendesha, na mimi nilitazama malori ya madini yaliyokuwa yakitupita kwa vumbi. Mjane tuliyemfuata aliitwa Mama Bilonda, mwanamke mwembamba aliyekuwa akianika muhogo mbele ya nyumba. Bunduki aliitoa chini ya kitanda, imeviringishwa kwenye shuka ya maua, pamoja na kopo la maziwa ya unga lililojaa vyuma vidogo vidogo.

Nikaiweka juu ya magoti. Ilikuwa bunduki nzuri ya kuwindia, ya Ubelgiji, iliyotengenezwa wakati watu hawakuwa na haraka. Nikatoa bolti, kile kipande unachokivuta na kukisukuma ili risasi iingie, nikatazama ndani ya mtutu kuelekea mlangoni. Mifereji ya ndani, ile inayoizungusha risasi, ilionekana bado, imefifia kidogo karibu na mdomo. Kitako kilikuwa kimepasuka penye kiganja, mtu akakifunga kwa waya. Springi ilikuwa imelegea, na ndoano ya kutolea ganda haikuwepo. Yote hayo yanatengenezeka.

Simu ya Mukuna ikalia, akatoka nje kuzungumza na watu wake wa bohari. Mama Bilonda akanisogelea.

"Tata, nikwambie kitu," akasema kwa sauti ya chini, akigusa ile bolti. "Bwana yangu aliachaka kuipiga miaka mingi mbele akufe. Alisemaka hii culasse haimupendeze. Mi siyue juu ya nini. Mu kopo muko ingine, ya bunduki ya rafiki yake, ile yenye wagon ilikanyangaka. Umwambie ule tata."

"Nitamwambia, mama," nikasema.

Sikumwambia. Mukuna aliporudi ndani alikuta nimefunga bunduki pamoja na kopo kwenye shuka yake, nikamwambia ni mali nzuri, asiiache. Bei walipatana wenyewe.

Siku iliyofuata, nikiwa peke yangu, niliisafisha ile bolti. Mbele yake kuna meno mawili ya chuma. Ukigeuza mkono wa bolti chini, meno hayo yanajifunga ndani ya bunduki, na hayo ndiyo yanayozuia nguvu yote ya risasi isirudi kwa anayepiga. Niliyapaka mafuta ya taa, nikayafuta, nikapaka chaki. Kisha nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikasubiri. Haikupita hata robo saa. Kwenye shina la jino la kulia mstari mweusi ulianza kujichora, mwembamba, kutoka pembe moja hadi nyingine.

Nilifurahi. Niseme ukweli, nilicheka kwa sauti, mpaka jirani akauliza kupitia ukuta kama kuna nini. Jino lile lingekatika, labda kwa risasi ya kwanza, labda kwa ya tano, na bolti ingerudi nyuma moja kwa moja kwenye jicho la mtu aliyeweka shavu lake kwenye kitako. Na mimi nisingehitaji kufanya lolote. Ningefuta chaki tu, ning'arishe chuma, ninyamaze, kama alivyonyamaza yeye. Chuma kingine chenye ufa ambao fundi hakuusema, mtu mwingine chini. Niliona ni haki kabisa, na sikujisikia vibaya hata kidogo.

Wiki nzima nilifanya kazi ile kwa moyo mweupe. Nilifungua waya kwenye kitako, nikatia gundi ndani ya mpasuko, nikatoboa na kupitisha vijiti viwili vya shaba, nikabana siku mbili. Nilikwangua rangi ya zamani kwa kipande cha chupa, nikasugua kwa msasa, nikapaka mafuta ya mbao, nikayaacha yanywewe, nikapaka tena, mpaka mistari ya mti ikatokea. Nilikata springi mpya. Ndoano ya ganda niliichonga kutoka kwenye jani la springi ya gari, nikaichoma, nikaizima kwenye mafuta. Sijawahi kutengeneza kitu kwa upendo kama nilivyoitengeneza bunduki ya kumuua Mukuna. Yeye alikuwa akija jioni na chupa za soda, anapapasa kitako, anasema vraiment, vraiment, kweli kabisa, na mimi ninampokea soda na kunywa.

Siku ya Jumanne alikuja Glodie.

Huja kwa kujificha, mara mbili au tatu kwa mwaka, akimwambia mama yake kwamba anakwenda kwa fundi wa nguo. Ana macho ya Kanku na namna yake ya kusimama kwa mguu mmoja. Aliketi, akaiona bunduki mezani, hakuigusa.

"Tata mukubwa," akasema, "mama anasema mutu mwenye aliua baba hawezi kukamata mbuzi ya baba. Njo vile wamepatia Tata Mukuna. Mi niko naolewa mara moya tu. Niambie we mwenyewe. Ni we njo ulifanya ile pini?"

"Hapana, mutoto wangu. Sikufanya."

"Basi nani?"

"Mukuna."

Glodie akainuka. "Na ye anasema hapana. We unasema ye, ye anasema hapana. Sasa siku moya mutakufa bote wawili, na mi nitabakia sijue baba yangu alikufaka juu ya nani."

Alikwenda zake, na mimi nikabaki nikiitazama ile bolti. Nilikuwa nimemwona Mukuna akianguka mara mia katika kichwa changu, lakini sikuwahi kuona kilichofuata. Sasa nilikiona. Angezikwa kama baba wa Glodie. Kwaya ingeimba, vijana wa Mutoshi wangebeba jeneza, Kapinga angegaagaa chini, na pale pale mtu angeuliza ni nani aliyeitengeneza bunduki ile. Lukusa tena. Namba ile ile, maiti wa pili. Mtu pekee aliyeweza kunisafisha nilikuwa nataka kumfunga mdomo kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimtaka hai, na nilimtaka aseme.

Hapa kuna jambo ambalo sikumwambia Glodie, na ambalo sikuwaambia wakubwa wa kampuni wala mtu mwingine yeyote. Mukuna hakuiba poinçon. Nilimpa mimi. Siku zile mgao wa unga wa nyongeza ulifuata idadi ya vipande ulivyogonga, na aliyetoka mapema alikosa. Kwa hiyo ukitaka kutoroka, unamwachia mwenzako wa karibu poinçon yako, anafanya vipande vyako na kugonga namba yako, na kesho wewe unamfanyia vivyo hivyo. Kila mtu alifanya. Mimi siku ile nilikwenda mjini kutazama mpira. Kuazima poinçon peke yake kulitosha kufukuzwa kazi, ndiyo sababu nilisema ameiba. Baadaye nikawa nalisimulia hivyo hivyo, ameiba, ameiba, mpaka hata kichwani mwangu droo ile ilikuwa imevunjwa. Lakini chaki aliiruka yeye. Hilo halibadiliki, na kwa hilo nilikuwa namchukia kihalali.

Nikaichukua bolti ya pili kutoka kwenye kopo, ile ya bunduki iliyokanyagwa na behewa. Mafuta ya taa, kitambaa, chaki. Nilisubiri nusu saa nzima, nikaongeza nusu saa nyingine. Chaki ilibaki nyeupe. Lakini bolti ya bunduki nyingine haiingii hivi hivi. Ilikataa kujifunga kwa unene wa karatasi. Nilipitisha meno yake kwenye moshi wa taa, nikaifunga na kuifungua, nikatazama ni wapi masizi yamefutika, nikasugua hapo tu, kidogo kidogo, siku nzima, mpaka meno yote mawili yakawa yanagusa sawasawa. Alhamisi asubuhi niliifunga bunduki ndani ya tairi la gari kwenye shimo lililoachwa na wachimbaji, nikavuta kifyatulio kwa kamba nikiwa mbali, mara tatu. Maganda yote matatu yalitoka safi, hayakuvimba wala kupasuka. Siku hizi Kapata imezoea milio ya baruti, kwa hiyo hakuna aliyekuja kuuliza.

Mukuna alipopita jioni nilimwambia Jumamosi asubuhi tutaijaribu, nyuma ya kilima cha udongo wa mgodi wa zamani. "Lete Mama Kapinga na mutoto," nikamwambia. "Ni nyama ya karamu yao. Baone." Nilijua hawezi kukataa watazamaji. Alifurahi mno, hata akanishika bega.

Jumamosi walikuja: Mukuna amevaa koti la kaki lenye mifuko mingi, Glodie, na Kapinga nyuma yao na kitambaa cheusi kichwani. Walikuwepo pia wazee wawili wa kanisa. Kapinga alisimama mbali na mimi, akatazama kopo la rangi nililoliweka juu ya jiwe, umbali wa hatua themanini. Nilimpa Mukuna bunduki na risasi moja. Akaiingiza, akaweka kitako begani, akafumba jicho moja kama alivyoona kwenye televisheni.

"Ngojea kidogo," nikasema.

Nikatoa mfukoni ile bolti ya kwanza. Nilikuwa nimeipaka tena asubuhi, chaki nyeupe, mstari mweusi. Nikaiweka kwenye kiganja chake cha kushoto, akalazimika kushusha bunduki.

"Hii njo ilitoka Tenke," nikasema. "Unaona musitari?"

Aliuona. Mtu aliyekaa karakanani miaka kumi hahitaji kuelezwa mstari ule ni nini.

"Ndani ya bunduki nilitia ingine. Mi nasema niliipima na chaki, na iko muzima. Sasa nakuuliza mbele ya aba batu. Unaniamini ao hauniamini?"

"Vieux Lukusa, haya ni mambo gani..."

"Miaka makumi mbili na ine bote hapa banajua mi ni mutu mwenye hapimake chuma. Njo vile Kanku alikufaka. Na weye unatoka kwako, unapita bafundi bote ba Kolwezi, unaniletea mi chuma ya kuweka pembeni ya jicho yako. Mutu mwenye akili angefanya vile?"

Mukuna alilamba midomo. Wazee wa kanisa walitazamana. Nilikuwa nimeungoja uso ule tangu ujana wangu, na sasa nilikuwa ninao mbele yangu, umejaa jasho saa tatu ya asubuhi, na nilitaka hiyo dakika isiishe.

Si mimi niliyemsukuma zaidi. Alikuwa ni Kapinga. Alisogea mbele mpaka akafika karibu na mtutu, na akauliza kwa upole, kama anavyouliza mtu bei ya nyanya: "Tata Mukuna, unamuamini ao haumuamini?"

Mukuna alitazama ile chaki mkononi mwake. Kidole gumba kilikuwa kikipita juu ya mstari, kinaufuta.

"Namuamini," akasema.

"Depuis lini?"

"Tangu zamani."

"Na ile pini?"

Mukuna akaketi chini kwenye udongo, na koti lake jipya, na bunduki magotini.

"Ile pini ilikuwa ya mukono yangu," akasema. "Sikuipimaka. Ilibakia nusu saa ya chaki, na mi nilikuwa nimechoka. Niliiona muzuri na macho, nikagonga."

Sitawadanganya kwamba nilihuzunika. Damu ilinipanda kichwani kwa raha. Nilichukua bunduki kutoka magotini mwake, nikaweka kitako begani, nikapiga. Kopo liliruka juu ya jiwe likabingirika. Bunduki ilikuwa kamili, na nilitaka kila mtu aone kwamba ni kamili, na kwamba mkono wangu ndio ule ule wa zamani. Nilipogeuka, nilikuwa nikitabasamu. Nilikuwa tayari nimeanza kufikiria shati la kuvaa siku ya mahari.

Kapinga hakuwa akilitazama kopo. Bado alikuwa amemwinamia Mukuna.

"Na poinçon ya Lukusa," akamwuliza, "uliipata wapi? Ye alisemaka uliiba mu droo."

"Siibake, mama." Sauti ya Mukuna haikuwa na ubaya wowote, alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyefungua mzigo na sasa anautoa wote. "Alinipatia mu mukono. Ye alikwenda kutazama mupira. Nilikuwa na bipande byangu na bipande byake. Ile pini ilikuwa mu bipande byake. Nilikuwa namufanyia ye."

Upepo ulipeperusha vumbi la kilima. Kapinga alinyooka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na minne alinitazama usoni.

"Ni kweli, Tata Lukusa?"

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na mazoezi ya kutosha. Neno lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi, ameiba, na nikaona Glodie amesimama kwa mguu mmoja pembeni ya mama yake, akinisubiri kama alivyonisubiri siku ile ya Jumanne.

"Ni kweli," nikasema.

"Juu ya mupira."

"Juu ya mupira."

"Na ile unga walikupatia mwezi ule," akasema, "ni ile tulikulaka ku kilio."

Ulikuwa ule ule. Nililibeba gunia mwenyewe mgongoni mpaka kwake, kabla hajanifukuza.

Kapinga alifungua kitambaa chake kichwani, akakikung'uta vumbi, akakifunga tena vizuri. Hakulia. Alimtazama Mukuna aliyekaa chini, akanitazama mimi niliyesimama na bunduki.

"Mi miaka yote hii nilikuwa nachukia mutu moya," akasema. "Kumbe mulikuwa babili."

Akamshika Glodie mkono, wakashuka kilima kwa njia ya miguu kuelekea kwenye nyumba. Wazee wa kanisa wakawafuata. Glodie aligeuka mara moja, na sikujua ananitazama mimi au anamtazama Mukuna.

Siku ya mahari nilikaa ndani, mlango umefungwa, nimevaa shati nililokuwa nimelipiga pasi tangu Ijumaa. Nilisikia vigelegele. Jirani aliyetoka huko aliniambia kwamba mbuzi wa baba alipokelewa na Kapinga mwenyewe, kwamba wakwe walinung'unika kidogo kisha wakakubali, na kwamba alipoulizwa kama upande wa marehemu hauna mwanaume, alisema hayupo.